Lango Halikukwama

Mwanangu Nyamizi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kumjulia mtu hali, kisha unamweleza hali yako, ndipo unaingia kwenye lililokupeleka kuandika. Sasa wewe hali yako naijua. Leo asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, umegombana na mama yako juu ya blanketi, na umeniamkia shikamoo huku umejitwisha sanduku kichwani kuonyesha kwamba si zito. Nikaitika marahaba bila kukutazama usoni. Hali yangu ndiyo siielewi, na ndiyo maana naandika badala ya kusema.

Saa hizi ni saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda mjini kununua ndoo na kumuaga shangazi yako, na ninyi mkikutana na shangazi najua hamrudi kabla jua halijashuka. Nimekaa kwenye cherehani ya mama yako kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyotikisika. Ukikuta uzi mwekundu umenasa kwenye karatasi, umetoka hapo.

Mambo ya kula nini, kutembea na nani na kufunga sanduku lako vizuri, mama yako amekwambia wiki nzima, na mengine atakwambia kesho stesheni mbele za watu. Mimi sina la kuongeza. Mambo ya kufunga, hasa, mimi si mtu wa kumfundisha mwenzangu. Utaona kwa nini.

Kwanza nikiri kwamba hii kozi yako imenivuruga kichwa. Tangu majina yatoke, kila ninayekutana naye anauliza, "Mtoto anakwenda kusomea nini?" Nikisema uwanja, wanadhani nimekosea. Jumapili moja pale nje ya kanisa mwenzangu mmoja, mzee wa kanisa kama mimi, aliniuliza, "Uwanja? Anakwenda kuwa daktari wa nyasi?" Nikacheka naye, maana hata mimi nilikuwa sijui. Siku ya pili yake ukiwa kisimani nikachukua kile kitabu chako cha chuo nikakisoma. Usimamizi wa viwanja na vituo vya michezo na burudani. Nikakuta mabwawa ya kuogelea, nikajiuliza bwawa gani, hapa kwetu ambapo bomba likitoa maji siku mbili mfululizo watu wanashangaa. Nikakuta taa za uwanja, kumbi za mazoezi, bima. Halafu nikakuta usalama wa umati. Hapo nikasoma mara tatu, nikakifunga kitabu, nikakirudisha palepale ulipokiacha.

Ndiyo nikakuuliza, unakumbuka, Jumapili hii iliyopita tukiwa tunabangua karanga. "Hivi mayu, kwa kozi zote zilizopo, kwa nini hii?" Una jina la mama yangu, na mayu kwetu ndiyo mama, nikikuuliza jambo zito siwezi kukuita vingine.

Ukajibu bila kuinua kichwa. "Kwa sababu ya siku ya nyuki, baba."

"Nyuki wamefanyaje?"

"Si nyuki. Lango. Nataka kujua kwa nini lilikwama."

Nikaendelea kubangua. Nilitegemea utaishia hapo. Lakini ukaendelea, na sauti yako ilikuwa ya mtu anayesema jambo alilolisema peke yake mara nyingi. "Mimi ndiye nilikuwa mbele kabisa, baba. Lile lango lilikuwa la kuvuta kwa ndani, na mimi nilikuwa nasukuma kwenda nje. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, na watoto wengine wakasukuma mgongo wangu. Nisingesukuma, lingefunguka. Mama Kulwa asingevunjika mguu."

Kisha ukaenda na ungo wako kupepeta karanga, ukaniacha na maganda mkononi.

Nyamizi, miaka minne ulimchotea maji Mama Kulwa. Tangu ukiwa na miaka tisa, ndoo moja kabla ya shule, ndoo moja ukirudi, mpaka wanawe Kulwa na Doto wakakua wakaweza kuchota wenyewe. Mimi nilikuwa natamba nayo. Nilikuwa nawaambia watu, "Mtazameni binti yangu, ana roho ya bibi yake." Kumbe ulikuwa unalipa, na deni halikuwa lako.

Nataka nikueleze kwa mpangilio, lakini mpangilio wenyewe unanikimbia, kwa hiyo nitaanza na dogo.

Unaijua ile alama ya penalti ya goli la upande wa kaskazini? Miaka yote niliyotunza uwanja, kumi na tisa, nilipima penalti kwa hatua zangu. Hatua kumi na moja kutoka mstari wa goli, naweka kopo la chokaa, basi. Mwaka ule ukiwa kidato cha kwanza ulikuja na futi ya cherehani ya mama yako, ukapiga magoti kwenye vumbi ukaipanga mara ngapi sijui, ukaniambia, "Baba, hapa ni mita kumi na mbili na kitu. Miguu yako mirefu." Nilikufokea. Nikakuuliza nani alikuwa akipiga chokaa kabla hujazaliwa. Ukakunja futi yako ukaondoka.

Kesho yake alfajiri nilikwenda na kamba nikaisogeza. Ulipopima tena ukakuta kumi na moja kamili, ukacheka kidogo ukadhani labda ulikosea mara ya kwanza. Nami nikakuacha udhani hivyo. Sasa nikifikiria naona huo ndio ugonjwa wangu: kosa nalirekebisha, lakini nalirekebisha kimyakimya, na aliyeliona namwacha ajione yeye ndiye mwenye macho mabovu.

Haya, nyuki. Unajua kwetu ni Sikonge, na baba yangu hakuniachia shamba, aliniachia mizinga. Mzinga kule ukishatundikwa na kuchorwa alama ya mwenyewe, hata ukae msimu mzima porini hakuna anayeugusa. Mjini hapa hiyo heshima haipo, mzinga wa kwanza niliotundika nyuma ya nyumba uliibwa pamoja na asali na nyuki wenyewe. Nikafikiria uwanjani. Kuna ukuta, kuna miti nyuma ya goli la kusini, na mlinzi ni mimi. Nikatundika mitatu. Watu wakanitania kwamba uwanja wetu sasa una washabiki wa kudumu. Nilijiona mjanja.

Siku yenyewe unaikumbuka. Timu yetu na wale wa Nzega, mechi ambayo mtaa mzima uliisubiri, na wewe umekuja na kanga ya mama yako umejifunga mabegani. Usichokijua ni hiki. Kabla ya mpira kuanza, katibu wa timu alinivuta pembeni. Akaniambia wazee wa timu wamekwenda kutazama mambo, na wameambiwa hivi: mpira ukianza tu, lango lisifunguliwe tena mpaka kipenga cha mwisho. Akiingia au kutoka mtu, bahati inatoka naye.

Nikamwambia, "Katibu, mimi ni mzee wa kanisa."

Akasema, "Sikuombi uamini. Nakuomba ufunge."

Na mimi, ambaye Jumapili iliyotangulia nilisimama mbele ya ushirika nikawaonya vijana juu ya waganga, nikasema moyoni kwamba kufunga lango si dhambi, lango limetengenezwa ili lifungwe. Siku zote wakati wa mechi nilikuwa nasukuma komeo tu, mtu yeyote mzima angeweza kulivuta. Siku hiyo nilitia kufuli. Ufunguo nikautia mfuko wa suruali, nikaenda kusimama kule kwenye goli la kusini. Sikuamini hata kidogo. Ila sikutaka tukifungwa waseme ni mimi. Mpaka leo sielewi mtu anafanyaje jambo asiloliamini kwa moyo wote namna ile.

Bahati yenyewe haikubaki. Kipindi cha kwanza hakijaisha tulikuwa nyuma mbili bila. Ndipo beki wetu akabutua mpira kuokoa hatari, mpira ukapanda, ukaenda kutua kwenye mzinga wa katikati.

Nyuki hawajui mwenyeji wala mgeni. Uwanja mzima uligeuka ukakimbilia lango moja tulilokuwa nalo. Ninyi watoto mlikuwa mmekaa chini karibu na lango, kwa hiyo mlifika wa kwanza, na komeo liko juu ya vichwa vyenu. Wakubwa waliokuja nyuma walikuwa wamejifunika nyuso kwa mashati na kanga, hawaoni mbele. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, na ufunguo ninao. Nilikimbia. Nyuki walinila shingo na masikio sikusikia kitu. Nilipofika nilikuta ukuta wa migongo. Nilipiga kelele "Rudini nyuma!" nani anarudi nyuma? Mpaka vijana walipoanza kuruka ukuta na watu kupungua ndipo nikapenya kwa ubavuni, nikanyoosha mkono juu ya vichwa, nikafungua kufuli, nikalitia mfukoni, nikalivuta lango.

Wewe nilikuokota chini, unapumua, umechubuka uso. Mama Kulwa alikuwa amekuja kuuza karanga zake. Alikuwa amelala na mguu umegeuka upande usiopaswa kugeukia.

Watu wakasema lango lilikwama kwa kusukumwa. Wakasema Baba Nyamizi ndiye aliyelikwamua kwa nguvu za Mungu. Mtu mmoja alinishukuru hospitalini kwa kunishika mikono yote miwili, na kufuli liko mfukoni linanigonga paja. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatubu. Nililia machozi ya kweli. Nilitubu juu ya mizinga, kwamba niliweka nyuki mahali pa watoto, na watu wakanisamehe, wengine wakalia na mimi. Mizinga nikaishusha. Nilikiri kosa ambalo kila mtu alikuwa ameliona tayari, ili asiwepo wa kutafuta lingine. Katibu alijua, lakini naye alikuwa na lake la kuficha, na baadaye alihamia mbali na hapa.

Lango halikukwama, mwanangu. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na aliyefunga ni mimi. Ungesukuma, ungevuta, ungekaa chini ukaimba, lisingefunguka.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha nikaenda kunywa maji.

Babu yangu alikuwa akisimulia habari za wapagazi, maana babu yake yeye alikuwa mmoja wao, alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Alisema walikuwa na desturi yao. Asubuhi ya safari kila mtu anainua mzigo wake mwenyewe kutoka chini, mbele ya wenzake wote, hata kama yupo wa kumtwika. Na akigundulika mtu amechomeka kitu chake ndani ya mzigo wa mwenzie, anarudishwa nyumbani kwa aibu, haijalishi ni kitu kidogo kiasi gani. Sijui kama ni kweli, babu alikuwa mwongo mzuri sana. Lakini wiki hii kila nikiliona sanduku lako pale mlangoni naikumbuka hiyo habari, na natamani ingekuwa ni kitu cha kufungua sanduku na kutoa.

Sasa kinachonichanganya zaidi ni hiki. Ulinipa swali, nami jibu ninalo. Nikikaa kimya, utasoma miaka mitatu ukitafuta kosa la mtoto wa miaka tisa. Nikikwambia, naogopa nitakuwa nimekunyang'anya sababu ya kwenda. Nimelizungusha kichwani siku nne. Na katika kulizungusha nimegundua kuna kipande ambacho hata mimi sina jibu lake. Kama nisingetia kufuli, je, lingefunguka? Lango la kuvuta kwa ndani, umati umelibana, ninyi watoto mko katikati? Baada ya siku ile nililing'oa komeo lote nikawadanganya watu kwamba limeliwa na kutu, lakini kwamba lango lenyewe liligeuzwa upande usiofaa tangu siku ya kwanza, hilo sikuwahi kulifikiria mpaka uliposema wewe na ungo wako. Miaka kumi na tisa nilikuwa nalifungua na kulifunga. Labda wapo watu huko chuoni wanaolijua hilo. Kalisomee hilo. Hilo ni swali la haki, halina mtoto wa kulaumiwa ndani yake.

Nasimama kwanza hapa. Kuna mahali natakiwa kwenda kabla hamjarudi.

Nimerudi. Ni kama saa kumi na moja hivi.

Nilikwenda kwa Mama Kulwa. Nilimkuta jikoni kwake amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha kama anavyounyoosha siku zote, anakaanga karanga. Akafurahi kuniona. Akasema, "Karibu Baba Nyamizi, hizi ni za safari ya mwanetu, subiri zipoe uzichukue."

Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuongelea mvua. Nilisema yote, katibu, kufuli, mfuko. Hakuacha kukoroga karanga.

"Kufuli?" akauliza.

"Kufuli."

"Na ufunguo ulikuwa wapi?"

"Mfukoni kwangu."

Akakoroga mpaka nikasikia zinaanza kuungua, ndipo akaipua sufuria. Akasema, "Mimi miaka yote nimesema ni mpango wa Mungu. Nimewaambia wanangu hivyo." Akauliza, "Mtoto anajua?"

"Bado. Namwandikia."

"Yule mtoto alinichotea maji," akasema. "Nilikuwa namwambia acha mwanangu, umechoka, hataki. Alikuwa ananitazama huu mguu kama amenivunja yeye." Halafu nikaona analifahamu jambo ambalo mimi nililifahamu Jumapili. Akafunika uso kwa kanga.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Leo sina jibu, Baba Nyamizi. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na wewe umeshadanganya vya kutosha kwa sisi wote. Nitakuja mwenyewe siku nikiwa nalo. Ila mtoto asipande treni hajui." Akanimiminia karanga kwenye mfuko, nilipotaka kumshukuru akanikata. "Hizi za mtoto. Wewe usionje hata moja."

Mfuko uko hapa mezani, bado wa moto. Sijaonja.

Sijui nikwambie najisikiaje. Si kwamba nimepata nafuu. Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi, watu husema hivyo. Ninachojua ni kwamba nakupenda, na kwamba niliona aibu ya watu kubwa kuliko wewe, miaka kumi na moja, kila siku, na kila siku ningeweza kusema. Sitakuomba unisamehe kwenye karatasi. Mama yako naye hajui, nitamwambia leo mwenyewe. Katika hilo usinibebee neno hata moja.

Jambo la mwisho. Nilipanga kukupa hii barua kesho stesheni. Nilikuwa nimeshajipangia kabisa: nasubiri treni ianze kusogea, nanyoosha mkono dirishani, nakwambia "utasoma njiani," napunga mkono. Mpaka saa tisa leo nilikuwa naona ni mpango mzuri. Nikiwa natoka kwa Mama Kulwa ndipo nikaona hasa nilichokuwa nataka kufanya. Ungeisoma umeketi behewani, treni inakwenda, mimi niko huku, huwezi kunijibu, huwezi kunifokea, huwezi kushuka. Ningekuwa nimekufungia tena, na ufunguo ninao mimi.

Kwa hiyo naiweka juu ya sanduku lako sasa hivi, pamoja na karanga. Nasikia sauti ya mama yako kule barabarani, bado analalamikia bei ya ndoo. Mimi niko uani nyuma, nimekaa kwenye kinu. Ukitaka kuja kunifokea, njoo. Ukitaka kwenda kwa Mama Kulwa kwanza, nenda, yupo. Na ukitaka kukaa kimya mpaka Dar es Salaam, ni haki yako, mzigo wako nitaubeba mpaka stesheni hata hivyo.

Mlango wa uani nimeurudishia tu. Sukuma.

Baba yako